Asali Kwenye Kizingiti cha Al-Malqa

Mimi si mtu wa kukaa, nawaambieni mapema msije mkanilaumu. Huu mwaka wa tatu nimestaafu, na bado kila asubuhi navaa abaya, natia miwani mkobani, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba sina ninapokwenda. Mpwa wangu Salma, mwenzenu darasani, amenishikilia niwaandikieni nyinyi vijana mnaosomea ukalimani wa mahakamani, khasa wale mtakaopelekwa kwa watu wa mbali, watu wa misituni na majangwani wenye lugha zao ndogo na sheria zao za zamani. Nimekaa kuandika mara nne na nimeinuka mara tano. Hesabu hiyo msiniulize.

Nitawaambieni kosa langu. Mazuri yangu yapo kwenye vyeti, Salma anajua droo. Kosa lenyewe lilimpata msichana mmoja anayeitwa Cherono, likamweka ndani miezi saba, na kwa muda lilikuwa karibu kumweka pabaya zaidi.

Lakini kwanza mnijue. Nimezaliwa Jeddah. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, wakafika na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi iliyofungwa kwenye kanga, maana mama alisema hawezi kuishi nchi ambayo hajui kama wanakuna nazi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, nje Kiarabu cha Hijazi. Nikakua na ndimi mbili bila ya kuzisomea, na nilipotafuta kazi nikakuta ndimi hizo ndizo cheti changu. Nilifasiri polisi, hospitalini, mahakamani, kwa zaidi ya miaka ishirini. Makao yangu Jeddah, lakini Riyadh wakinihitaji walinikatia tiketi, na miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mabinti wa Kenya walipoanza kuletwa kwa mafungu kufanya kazi za nyumbani, walinihitaji kila wiki.

Aliyenifunza ni Ami Salim, Mzanzibari mwenzetu, mtu mnene wa leso na tasbihi, aliyefasiri kabla yangu mpaka meno yakamtoka. Hakuwa na nadharia. Alinambia: kaa ubavuni mwa mshtakiwa, usikae nyuma yake, mtu akisemewa kisogoni huhisi anasukumwa. Chukua soksi, ofisi zao zina baridi ya friji na ukitetemeka mshtakiwa ataona unaogopa kwa ajili yake. Kula kabla. Na ukimaliza, usitie sahihi mpaka unywe bilauri nzima ya maji, polepole, huku ukijiuliza kama yule mtu amesema alichotaka kusema. Nilimuuliza, "Ami, na kama sina kiu?" Akanijibu, "Nimekwambia habari ya kiu mimi?"

Mimi bilauri ile niliinywa miaka miwili. Baadaye nikawa bingwa. Nikajua maafisa kwa majina, nikajua maswali kabla hayajaulizwa, nikawa namaliza mahojiano matatu kabla ya adhuhuri. Walinipenda kwa wepesi wangu. Nami nilijipenda zaidi ya walivyonipenda wao.

Msidhani kabla ya hapo sikuteleza. Kulikuwa na msichana wa Nairobi aliyekuwa akisafisha ofisi Olaya, katikati ya Riyadh, akashukiwa kwa simu iliyopotea. Nikaketi ubavuni mwake, soksi miguuni, nikasikiliza dakika tano nzima nisiambulie kitu. Alikuwa akisema Kiswahili, naapa, lakini Kiswahili chao cha mitaani kilichochanganywa na Kiingereza, na mimi Kiswahili changu ni cha mama aliyekuja na mbuzi ya nazi. Afisa ananingoja. Nikasema, "Bwana, dada huyu simwelewi." Akacheka mpaka akashika meza. "Si lugha yako?" Ilibidi tumpigie simu msichana mwengine wa Nairobi ili anifasirie Kiswahili kwa Kiswahili. Niliona aibu wiki nzima, lakini angalau kwa yule nilijua kwamba sielewi. Wa hatari ni yule unayedhani umemwelewa.

Sasa Cherono.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja kubwa ya Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh. Kwao ni kwenye milima ya msitu magharibi mwa Kenya, kwa wale watu wachache wanaorina asali, ambao walikuwa msituni kabla msitu haujapewa mwenyewe. Kwenye ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, aliandikwa Shirunu, kwa sababu Kiarabu hakina ch. Somo dogo hilo, lichukueni: jina muulize mwenyewe alitamke, lirudie mpaka atikise kichwa, usilisome kwenye karatasi. Mtu akiitwa jina lisilo lake hujibu kwa adabu, na tangu hapo anajibu kwa niaba ya mtu mwengine.

Mtoto wa nyumba ile, wa miaka minne, alianguka kwenye ngazi akavunjika mkono. Walimpeleka hospitali, akarudi na plasta, akalala. Cherono alikwenda jikoni, akatoa asali ya madam kabatini, asali ya mkunazi, ile ya wageni. Akailamba, akampulizia mtoto kifuani asali iliyochanganyika na mate. Kisha akapaka kizingiti cha chumba cha madam, akakaa chini pale mlangoni na bakuli mkononi. Madam akatoka, akaikanyaga, akaona bakuli, akaona kifua cha mwanawe kinang'aa, akapiga ukelele. Kwenye begi la Cherono wakakuta kipande cha gome la mti. Mtu akasema sihiri, uchawi.

Nyinyi mmekulia huku, hamhitaji kuambiwa neno hilo lina uzito gani. Kwa wizi mtu hufungwa akatoka. Kwa sihiri mtu anaweza asitoke.

Nikaitwa. Ilikuwa Alhamisi, na jioni yake bintiye kaka yangu alikuwa anaolewa Jeddah. Nilikuwa na ndege ya alasiri, hina imekwisha kukauka mikononi, dereva ananingoja nje na injini inanguruma. Nilijifunika uso kama nilivyozoea nikiwa Riyadh. Chumbani kulikuwa na afisa kijana, mtu wa heshima, aliyechoka, na Cherono aliyekuwa akitazama magoti yake. Hakuniangalia hata mara moja.

"Ulimpulizia mtoto asali na mate?" Nikafasiri. "Ndiyo."

"Ulipaka kizingiti cha bibi mwenye nyumba?" "Ndiyo."

"Ulikuwa unakusudia jambo juu ya bibi huyo?" "Ndiyo."

"Ulikaa mlangoni ungoje lifanye kazi?" "Ndiyo."

Afisa mwenyewe alishangaa kwa wepesi. Akauliza swali la mwisho, lile linaloulizwa kila siku mpaka limekuwa kama salamu: "Una la kuongeza?"

"Ndiyo," akasema Cherono.

Akanyamaza. Alikuwa akitafuta maneno, sasa najua, maana Kiswahili kwake ni lugha ya skuli na ya sokoni, si ya kusemea mambo ya ndani. Mimi nikatazama saa. Ndiyo zote zile zilikuwa zimeniziba masikio, nikaihesabu na hiyo kuwa ndiyo ya tano tu. Nikamwambia afisa, "Mafi. Halas." Hana kitu, kwisha. Akaandika kwamba mshtakiwa hana la kuongeza, mimi nikatia sahihi, Cherono akatia kidole gumba. Dereva akaniambia "Yalla, madam," haya twende, nikaiwahi ndege. Harusini nilicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino.

Ngoja nisimame kidogo.

Nimerudi. Kuna watu wakikosa hukosa usingizi. Mimi hukosa pa kukaa. Kwa miezi minne baada ya harusi ile nilikuwa nabadilisha mapazia, napanga vyombo upya, najibizana na wauza samaki, bila ya kujua nina nini. Nilikuwa naiona ile midomo yake imefunguka kidogo baada ya ile ndiyo ya mwisho. Nikijiambia, "Zuwena, umefasiri kila neno." Na kweli, kila neno alilolisema nililifasiri, isipokuwa hilo la mwisho.

Aliyenifungua macho ni Mama Tabitha. Huyu alikuwa Mkenya, mama mtu mzima, Mkristo wa kusali kwa sauti ya chini, akifanya kazi kwa jirani zetu hapa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kwa mwalimu mstaafu na mkewe. Alikuwa akija kwangu siku za Ijumaa kuzungumza Kiswahili na kunisuta kwamba chapati zangu ni ngumu. Siku hiyo nilikuwa namsimulia mambo ya kazi, bila ya majina, nikafika kwenye asali. Nilisimulia kama kituko, Mungu anisamehe.

Tabitha akaweka kikombe chini. "Aki mama, hiyo si uchawi."

"Ni nini basi?"

"Hao ni watu wa msitu, majirani zetu. Lugha yao na yetu zinakaribiana. Kwao mtoto wa mtu akiumia ukiwa hapo, unapeleka asali kwanza. Hata kama si wewe. Hata kabla ijulikane ni nani."

"Kwanza kabla ya nini?"

"Kabla ya kuuliza! Bila asali hakuna mtu anaruhusiwa kuuliza nani alifanya. Mkiuliza na hasira, mwenye makosa ataficha, na wengine watasema uongo. So unaleta asali, mama ya mtoto analamba, halafu ndio mnakaa mnaongea ukweli. Hiyo ndiyo korti yao."

Nikamuuliza na mate. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mjinga. "Si ni baraka? Babu yako akikubariki anakupulizia. Wewe huku kwenu hamkupuliziwa?"

Nikakumbuka bibi yangu, mzaa mama, alivyokuwa akisoma Fatiha na kutupulizia vichwani tukiumwa, na mate yakiturukia, nasi tukijifuta kwa siri. Nilinyanyuka nikaenda jikoni, sikuwa na la kufanya jikoni, nikarudi. Tabitha akasema, "Mama Zuwena, keti." Sikuweza. Asubuhi yake nilikuwa kwenye ndege ya kwanza ya Riyadh.

Gerezani upande wa wanawake nilifunua uso, maana tulikuwa wanawake watupu. Nikamsalimia kwa jina lake, Cherono, kwa ch. Akainua kichwa.

Nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, na ambalo nataka mlifanye kila siku mkikutana na mtu wa mbali. Nikamuuliza, "Wewe umezaliwa Jeddah?"

"Ndiyo."

"Jina lako ni Muhammad?"

"Ndiyo."

Nikamuuliza kwa nini anasema ndiyo. Alikawia sana, na safari hii nilingoja. Nawaambieni, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kungoja kule. Akasema, "Kwetu watu wa sare wakija, unasema ndiyo. Walikuja na lori. Waliuliza baba, hii nyumba ni yako? Akasema ndiyo. Wakauliza, unajua huu ni msitu wa serikali? Akasema ndiyo. Ukisema ndiyo wanachoma nyumba wanaenda. Ukisema hapana wanakupiga, halafu wanachoma."

Hiyo ndiyo sheria aliyoijua. Mahakama ya karibu na kwao ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na hajaiona. Askari aliyemwona hakuja kuuliza, alikuja kuchoma. Ile ya pili, ya asali, ndiyo iliyokuwa ikimaliza magomvi yao, na hiyo hakuna aliyeiandika popote. Mkipelekwa kwa watu kama hawa, msiulize swali linalojibika kwa ndiyo. Ulizeni, "Ilikuwaje?" Kisha funga mdomo. Na mwambieni hakimu au afisa afanye hivyo hivyo, na akikereka mwacheni akereke, hatakufa.

Tukazungumza saa mbili. Alinieleza yote, sawasawa na Tabitha. Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono. "Asante, mama. Wewe unasikiza. Yule mama wa kwanza, yule alifunika uso, alikuwa na haraka."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na ndimi mbili na hakuna hata mmoja ulioinuka. Nikasema, "Pole, mwanangu." Kuanzia siku hiyo akaniita mama, nami nikaitika.

Kuomba kesi irudiwe kusikilizwa kulichukua miezi mitatu mingine. Nilizunguka ofisi kwa ofisi. Wakubwa wangu waliniambia, "Zuwena, ukisema tafsiri yako ilikuwa mbovu, nani atakuita tena?" Sikuwa shujaa, msinitungie. Usiku nilisema nitaacha, asubuhi nikajikuta nimevaa abaya. Mwalimu mstaafu, yule kafili wa Tabitha, mdhamini wake wa kazi, ndiye aliyenitia nguvu. Nilipomwomba ruhusa Tabitha aje kutoa ushahidi Riyadh, alikatiza maneno yangu. "Nitamleta mwenyewe, mimi na mama watoto. Mtu akijua haki asiseme, atamjibu nini Mola wake?" Tabitha aliposikia kwamba atapanda ndege kwenda kusimama mbele ya kadhi wa Kiislamu, alinambia, "Nitavaa ile nguo ya kanisa," na akaivaa chini ya abaya.

Kadhi alikuwa mtu mzima, sauti ya chini, na tabia ya kuzungusha kalamu vidoleni. Akanitazama mimi kwanza.

"Ya hajja, hapa pana sahihi yako. Na leo unasema sivyo. Niamini lipi?"

"Maneno niliyafasiri yote, ya sheikh. Sikumuuliza maana yake kwao."

"Hapa imeandikwa hana la kuongeza. Alisema hana?"

"Alisema analo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na ndege."

Kalamu ikasimama. "Ndege," akasema. Kisha akanisema kwa Kiarabu fasaha, bila ya kupaza sauti, maneno ambayo baba yangu hakuwahi kunambia. Kwamba kiumbe ametupwa kwenye shimo kwa sababu ya safari yangu. Cherono aliketi ubavuni kwangu, akitazama mdomo wa kadhi na macho yangu kupitia nikabu. Akanong'ona, "Mama, anasema nini? Anakugombeza kwa sababu yangu?"

Kazi yangu ilikuwa kumfasiria kila neno linalosemwa chumbani. Ndiyo kanuni, ndiyo kiapo. Nikamwambia, "Anauliza maswali ya kawaida." Hilo ni kosa la pili, na hilo nililifanya bila ya haraka yoyote.

Kadhi akafanya jambo la akili. Alimtoa Cherono nje. Akamuuliza Tabitha: mama wa mtoto akiletewa asali, hufanya nini? Tabitha akajibu, "Anachovya kidole, analamba. Halafu ndio wanaongea."

"Na asipolamba?"

"Yule mwenye amepeleka anakaa hapo mlangoni. Hawezi kutoka. Hata usiku mzima, mpaka akubaliwe."

Akamtoa Tabitha, akamwingiza Cherono. Maswali yale yale. Na mimi safari hii nilifasiri polepole mpaka karani akanitazama. Cherono akasema, "Anaweka kidole, analamba." Na asipolamba? "Unakaa. Mimi nilikaa. Nilingoja madam alambe, polisi wakakuja."

Kwenye faili, kukaa kule mlangoni kuliandikwa kwamba alikuwa akiulinda uchawi wake. Kadhi akavua miwani. Akamtazama bibi mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi na mumewe upande wa pili.

"Umesikia?"

Yule bibi alikuwa kijana, pengine hajafika thelathini. Alikuwa analia chini ya nikabu, kitambaa kimemganda mashavuni. Akasema, "Alikuwa ananinyooshea bakuli. Nilidhani ananitaka niuguse uchawi wake." Kisha akageuka kwa mumewe. "Na kile kigeti cha ngazi, mimi ndiye niliyekiacha wazi. Nilikuwa kwenye simu. Nilijua tangu siku ile."

Nilimfasiria Cherono, na yeye akaitikia kwa kichwa bila ya mshangao wowote, maana kwao ndivyo mambo yanavyokwenda: asali ikishapokelewa, mwenye kosa husema mwenyewe. Gome la mti likaonekana ni dawa ya tumbo, aliyofungiwa na mama yake. Shitaka la sihiri likafutwa siku ile ile.

Mtadhani hapo hadithi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo, nikaenda kumpa habari za tiketi nikiruka ruka kama mtoto wa skuli. Nikamwambia, "Cherono, kesho kutwa unakwenda kwenu. Unataka?" Kisha nikakumbuka, nikauliza tena vizuri. "Niambie, wewe unataka iweje?"

Akafikiri. Akasema, "Hapana."

Miezi saba nilikuwa sijalisikia neno hilo kwake.

"Hapana, siendi. Wakala aliyenileta huku aliambia mama yangu nimefungwa kwa uchawi. Sasa kisimani wanamwachia mama nafasi, hakuna mtu anachota naye. Nikienda hivi mikono mitupu, watasema nimetoroka. Waandike. Waandike kwamba mimi si mchawi, na waandike ni kwa nini nilifungwa."

Nikampelekea kadhi hiyo hapana. Nilikuwa naogopa atakasirika. Alizungusha kalamu, akasema, "Ana haki," akaandika karatasi yenye muhuri, kurasa mbili. Mimi nikapewa kazi ya kuitia katika Kiswahili, ili chifu na wazee wa kwao waisome. Niliifasiri nikiwa nimesimama, kwenye kaunta ya benki, kwa sababu kiti kilinishinda.

Nilimpa karatasi ile kwenye uwanja wa ndege wa Riyadh, kwenye chumba cha kuswalia cha wanawake, nyuso zetu wazi. Akanambia nimsomee yote, kila neno, kwa sababu atalazimika kuikariri. Nikasoma jina lake, kwa ch. Nikasoma kwamba hana hatia ya sihiri. Nikasoma kuhusu desturi ya asali. Nikafika ukurasa wa pili, nikasoma haraka haraka: kwamba alizuiliwa miezi saba kwa sababu, miongoni mwa mengine, mkalimani wa kwanza hakumpa nafasi ya kusema.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Huyo mama wa kwanza. Jina lake haliko?"

"Haliko." Kadhi alinisitiri, ni muungwana.

"Wewe unamjua?"

Nje walikuwa wanatangaza ndege ya Nairobi. Ningeweza kusema simjui. Ningeweza kusema yalla, ndege itakuacha. Nilikuwa nimezowea kusema hivyo maisha yangu yote.

"Ni mimi," nikamwambia. "Yule aliyefunika uso ni mimi. Uliposema una la kuongeza, mimi nikasema huna."

Alinitazama usoni muda mrefu. Sikuweza hata kutikisa mguu. Hakulia, hakunitukana, na kusamehe hakusema. Akaninyooshea karatasi na kalamu aliyoichukua mkobani mwangu mwenyewe.

"Andika jina," akasema. "Pale penye mkalimani wa kwanza. Kwetu hawakubali neno la mtu asiye na jina."

Nikaandika jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Akalitazama mpaka wino ukakauka. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akaenda kwenye mlango wa ndege, na hakuniita mama.